Muulize Anti: Wananiambia nalilia mawe

SWALI: Shikamoo Anti. Mi nauza vitenge Kariakoo, nakaa Magomeni. Tangu Ijumaa ile Marekani walipomuua yule jenerali wa Iran, Soleimani, kule Baghdad, mtaani kwetu stori ni vita tu. Juzi kijiweni kwenye kahawa nikasema vita hii mi siitaki, na kilichoniumiza zaidi ni yale aliyoandika Trump kwenye Twitter Jumamosi, tarehe 4 Januari 2020, kwamba Iran wakigusa Wamarekani wao wameshachagua sehemu 52 za kupiga na nyingine ni muhimu kwa utamaduni wa Wairani. Basi wakanijia juu, watu watakufa we unalilia mawe, tena Uajemi na Dar wapi na wapi. Nikakosa la kujibu. Anti, nimekosea?
Mpwa wako, Magomeni Mapipa

JIBU: Marahaba mpwa wangu. Hujakosea hata kidogo, na mi nakuunga mkono kabisa, vita hii haifai na inatakiwa ipingwe sasa hivi kabla haijaanza.

Hilo la watu na mawe, nani kakwambia uchague? Chukua Isfahan, kuna uwanja mkubwa unaitwa Naqsh-e Jahan, umo kwenye urithi wa dunia tangu 1979, una msikiti wa vigae vya buluu, una soko, na jioni familia zinatandika mikeka kwenye majani zinakunywa chai watoto wanakimbizana. Sasa bomu likidondoka pale utasema limepiga mawe au limepiga watu? Mtu akitishia kuvunja pale anamtishia yule mama na birika lake la chai. Hata hiyo hesabu ya 52 mwenyewe kasema ni kwa ajili ya Wamarekani 52 walioshikwa mateka Tehran 1979, yaani kisasi cha miaka arobaini kinakuja kulipwa na misikiti na makaburi ya washairi, na mtu aliyezaliwa juzi anayekwenda kusali pale.

Wenzako wa kijiweni waulize wanaikumbuka Baghdad ya 2003. Kabla ya vita wataalamu wa mambo ya kale walikwenda kwa wakubwa wa jeshi la Marekani, wakawapa orodha ya sehemu za kulinda na makumbusho ya taifa ya Iraq ikiwemo. Vita ikaanza Machi, Aprili 10 mpaka 12 watu wakaingia makumbusho wakabeba, vitu kama 15,000 vikaondoka na mlangoni hakuna mlinzi. Kulikuwa na chombo kimoja cha jiwe cha Warka, mji wa kale wa Iraq, kirefu kama mita moja, kimechongwa kuzunguka pande zote watu wanapeleka matunda na mifugo hekaluni, kina miaka zaidi ya 5,000. Wakaking'oa kikabaki kitako tu. Kilirudishwa Juni, kimeletwa na gari, kiko vipande. Na Babeli, ile ile ya kwenye vitabu vya dini, jeshi likapiga kambi juu yake, wakachimba mahandaki, wakajaza viroba kwa udongo uliojaa vigae vya kale na magari mazito yakapita juu ya matofali ya miaka 2,600. Hapo hakuna aliyesema tunakwenda kubomoa Babeli. Sasa fikiria vita ambayo mtu ametangaza kabisa kwamba hizo sehemu ni shabaha, itakuwaje?

Ndo maana nasema ipingwe sasa. Risasi zikishaanza hakuna wa kusimama mlangoni.

Na hilo la Uajemi na Dar wapi na wapi, hapo ndo wenzako wameniudhi kwa kweli, maana wamesahau hata mdomo wanaosemea. Bandari ni neno la Kiajemi, dirisha la Kiajemi, rangi, serikali, hata hiyo pamba ya kwenye vitenge vyako. Nenda Kizimkazi kule Unguja, ndani ya msikiti kwenye kibla kuna maandishi ya Kikufi, ule mwandiko wa Kiarabu wa zamani, yamechongwa kwenye matumbawe, mwaka wake ni 1107, na wataalamu wakiyaangalia wanasema yanafanana na kazi za mafundi wa Siraf, bandari ya zamani ya Iran. Makunduchi kila Julai wanafanya Mwaka Kogwa, wanachapana kwa migomba na kuchoma kibanda, asili yake ni Nairuzi, mwaka mpya wa Waajemi. Na Kilwa wana historia yao kwamba Ali bin Hassan alitoka Shiraz akakinunua kisiwa kwa mwenyeji wake kwa kitambaa, kitambaa cha kuzungusha kisiwa kizima! Wanahistoria wanabishana ni kiasi gani cha hiyo hadithi kilitokea kweli, sawa, lakini wazee wetu ndivyo walivyotaka kukumbukwa, na walitaja Shiraz. Shiraz hiyohiyo ndo ipo Iran leo.

Halafu vita ya namna hii sisi ilishatupitia. Julai 1505 Wareno na meli zao waliingia Kilwa wakapora mji, wakajenga ngome, na Agosti wakachoma Mombasa. Nilishavuka kutoka Kilwa Masoko kwa dau kwenda Kisiwani, nikaingia Msikiti Mkuu nikashika nguzo, ukiiangalia karibu unaona tumbawe lenyewe, vile vitundu vidogo vidogo kama sega la nyuki. Nililia, na sioni aibu kukwambia. Mji uliokuwa unatengeneza sarafu zake wenyewe, leo unasikia upepo tu.

Wakikwambia sheria haipo, ipo. Mkataba wa The Hague wa 1954 unakataza kupiga urithi wa utamaduni vitani, Iran waliuridhia 1959, sisi Tanzania 1971, Marekani 2009. Na kuna mtu alishafungwa, yule aliyesimamia kuvunja makaburi ya mawalii Timbuktu, kule Mali, mwaka 2012, mahakama ya kimataifa ilimpa miaka 9. Kwa hiyo kijiweni rudi, kaa, agiza kahawa, waambie.

SWALI: Anti habari za kazi. Mwanangu wa kidato cha pili anashinda kwenye simu anaangalia klipu za makombora anashangilia kama mpira wa Simba na Yanga. Nimfanyeje?
Mama wa Tegeta

JIBU: Nzuri mama. Usimnyang'anye simu, atakwenda kuangalia kwa mwenzie. Jumamosi mchukue mshukie Mtongani mwelekee upande wa bahari muulize magofu ya Kunduchi, si mbali na kwenu hata kidogo. Kuna msikiti wa zamani na makaburi yenye nguzo, kwenye nguzo walipachika sahani za Kichina. Nyingi hazipo. Mwambie aweke kidole kwenye kile kishimo cha duara mahali sahani ilipokuwa, amuulize mlinzi zilikwenda wapi. Hapo ndo umsimulie Baghdad, umwambie hayo makombora anayoshangilia yanakwenda kutua mahali kama hapo, pana makaburi ya bibi wa mtu. Mwende asubuhi jua halijawa kali, na mbebe maji.