Thripsi sio mdudu mmoja, kabla hujapiga dawa tena soma hapa

Ndugu yangu wa Magarini, umeuliza mbona umepiga dawa ya thripsi, hivi vijidudu vyembamba vya shambani, mara nne na bado maua ya kunde yanapukutika na nyanya zinajikunja majani, na sasa unatafuta dawa kali zaidi. Mie nalima huku Malindi kando ya mto Sabaki na hayo yamenikuta vilevile, nakuomba weka pampu chini kwanza, maana unawataja hao thripsi kama vile ni mmoja. Duniani wanajulikana zaidi ya aina 6,000 na shambani kwako huenda wako wanne watano.

Msimu huo wangu niliambiwa dukani hii inamaliza wote, nikapiga kila siku tano, kila baada ya wiki mbili wamerudi wengi kuliko mwanzo, pesa ikaisha na kunde sikuvuna. Binamu yangu anasomea kilimo, akaja na lenzi na sahani nyeupe ya plastiki akaniambia haya gongea maua hapa. Yakaanguka madudu meusi tii, membamba kama kipande cha uzi, hata milimita mbili hayafiki, yanakimbia huku na huku. Huyo ni Megalurothrips sjostedti, wa hapa hapa Afrika, kazi yake ni maua ya kunde na maharagwe, na anajificha ndani kabisa ya ua, sasa wewe unarushia majani dawa saa sita mchana yeye wala haimfikii.

Tukahamia kwenye nyanya. Hapo lenzi ilishindwa, hao wanataka mikroskopu mtu ahesabu mpaka nywele za kichwani, akawatia kwenye kichupa cha spiriti akaenda nao chuoni. Majibu yakaja majina mawili: Ceratothripoides brunneus, huyu Mwafrika, na Frankliniella occidentalis ambaye asili yake ni magharibi ya Marekani Kaskazini, ameenea dunia nzima na dawa nyingi ashazizoea. Huyu wa pili ndio wa kuogopa zaidi kwa sababu anabeba virusi vya nyanya, anavipata akiwa mtoto akinyonya mmea mgonjwa, akishakua anavisambaza mpaka anakufa. Kwa hivyo mche mgonjwa ng'oa mapema, usiuonee huruma.

Na kuna wengine hawana habari na nyanya zako. Geuza jani la mkorosho utaona vitoto vya manjano vina mshipi mwekundu tumboni, vimeinua mkia juu na kitone cha maji kwenye ncha, huyo anaitwa Selenothrips rubrocinctus, hula miembe pia. Wengine wengi wanakaa kwenye matawi makavu wanakula ukungu tu. Tena kuna Franklinothrips, ukimuona utadhani sisimizi, huyu anawinda wadudu wadogo wakiwemo thripsi wenzake! Hao ndio niliowaua mimi na ile dawa yangu ya kumaliza wote, na inaniuma mpaka leo.

Kingine, mayai yanatagwa ndani ya nyama ya jani, na wengi wakikaribia kuwa wakubwa wanashuka kwenye udongo wanatulia huko bila kula. Dawa unayopiga leo inakuta wale wa juu tu, wa ndani na wa chini wanakusubiri.

Mie sasa nagonga maua kwenye sahani asubuhi mara mbili kwa wiki, naweka mitego ya buluu yenye gundi, magugu ya pembeni natoa, na wakizidi natumia ile dawa iliyotengenezwa kwa Metarhizium, ukungu unaoua wadudu, waliyoifanyia utafiti icipe, kile kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, napiga jioni jua likishazama maana jua linaua ule ukungu. Kunde za vuli iliyopita nimekula na nimeuza.

Gonga maua kesho alfajiri, ya kunde peke yake na ya nyanya peke yake, piga picha sahani zote mbili uziweke hapa tuone una nani.