Michezo ya filamu za katuni: iongezwe, lakini si kwa kubomoa ya zamani

Umeuliza kama bustani za burudani ziongeze michezo inayotokana na filamu za katuni zinazovuma. Mimi nasema ziongeze, mradi tu zisibomoe cha zamani ili kupata nafasi.

Disneyland ilipofunguliwa California mwaka 1955, tayari ilikuwa na mchezo wa Peter Pan, yule mvulana anayepaa wa filamu ya katuni. Unakaa ndani ya jahazi dogo lililoning'inia kwenye reli ya juu, na chini yako zinapita taa za London usiku. Mpaka leo watu wanaupangia foleni. Siri ni lile jahazi: hata mtoto asiyeijua hadithi anahisi anapaa.

Kinachoniuma ni yaliyotokea Epcot, bustani nyingine ya Disney huko Florida. Maelstrom, safari ya mashua kuhusu Norwei, ilifungwa 2014. Mwaka 2016 ikarudi kwa jina la Frozen Ever After, mchezo wa filamu ya katuni ya Frozen, kwenye njia ileile ya maji. Watoto wamefurahi, sikatai, lakini Norwei halisi, nchi ya mabaharia, imepisha ufalme wa kubuni.

Tena wabunifu wakiachiwa nafasi wanaweza kuanzisha hadithi wenyewe. Pirates of the Caribbean, hadithi ya maharamia, ilianza kama mchezo 1967. Filamu ikaja 2003.