Maswali yenu: kujiandaa peke yako kwa triathloni ndefu

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa watu wanaofanya mazoezi bila klabu wala kocha. Kwa wageni: triathloni ndefu ni kuogelea kilomita 3.8, kuendesha baiskeli kilomita 180, kisha kukimbia kilomita 42.2, yote siku moja. Mashindano mengi huweka kikomo cha saa 17.

*Ninafanya kazi ya ofisi Upper Hill, na sina wa kufanya naye mazoezi. Kweli nitaweza?* (Msomaji, Donholm)

Utaweza, mradi ujipe muda. Kama unamaliza nusu marathoni bila kuteseka, tenga mwaka mzima, na katikati yake jaribu triathloni ya nusu masafa: 1.9, 90 na 21.1. Saa kumi za mazoezi kwa wiki zinamtosha mtu wa kazi, na nyingi ziwe za mwendo unaokuruhusu kuongea sentensi nzima.

Watu hudhani adui wa mtu anayejifua peke yake ni uvivu. Mimi naona ni kupitiliza. Mwenzako angekuambia, "Leo umechoka, rudi nyumbani." Sasa hayupo. Kwa hiyo weka daftari, na kila unapoamka pima mapigo ya moyo kabla ya kutoka kitandani. Yakiwa juu kuliko kawaida asubuhi mbili tatu mfululizo, pumzika, hata kama ratiba inasema kilomita 100.

*Nimejifunza kuogelea ukubwani. Niende Naivasha nikazoee maji wazi?* (Msomaji, Rongai)

Hapana, ndugu yangu. Ziwa Naivasha lina viboko. Usiingie.

Bwawa la Kasarani au la Nyayo lina mita 50, hivyo kilomita 3.8 ni kulikata mara 76. Jizoeze kuinua macho kutazama mbele kila baada ya mapigo machache ya mikono, na kugeuka bila kugusa ukuta, maana siku ya mashindano ukuta haupo. Maji wazi yangoje safari ya Pwani, ukiwa na mtu kwenye mtumbwi kando yako. Peke yako, kamwe.

Na hapa ndipo ningekuomba umlipe mwalimu, hata kwa vipindi vichache. Huwezi kujiona ukiogelea. Waliojifunza ukubwani wengi huinua kichwa mno, miguu ikazama, kisha wakaamini kwamba tatizo lao ni pumzi.

*Jumamosi nataka kwenda Magadi na kurudi kwa baiskeli, peke yangu. Unanishauri nini?* (Msomaji, Ngong)

Naipenda sana barabara hiyo, ndiyo maana nitasema mengi. Ukitoka Kiserian ukapita Kona Baridi, unaanza kuteremka na upepo wa ubaridi usoni, na unajiona bingwa. Lakini Ziwa Magadi liko mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari, na wewe umetoka zaidi ya mita elfu moja juu yake. Kila mteremko uliofurahia asubuhi utaupanda mchana, jua likiwa utosini. Kwa hiyo usipime safari kwa kilomita. Pima kwa maji: ukishakunywa theluthi moja, geuza. Magadi yenyewe iache hadi upate wa kukufuata kwa gari.

Ondoka kukishapambazuka, taa ya nyuma ikiwaka hata mchana kwa ajili ya malori. Beba tyubu mbili na pampu, na ujizoeze nyumbani kutoa tairi la nyuma. Kabla hujaweka tyubu mpya, pitisha kidole polepole ndani ya tairi lote. Mwiba wa mgunga hukatika ukabaki humo, ncha tu ikichungulia, na usipoutoa utatoboa tyubu ya pili hapo hapo.

Mtandao wa simu hukatika huko chini. Mwachie mtu mmoja njia yako, saa ya kurudi, na saa ambayo asipokusikia aanze kukutafuta. Sharti hilo silipunguzi kwa yeyote.

Faida ya upweke huo ipo. Kwenye triathloni ndefu hairuhusiwi kujikinga upepo nyuma ya mgongo wa mwenzako, na wewe tayari umezoea kuukabili.

*Jeli za wanariadha ni ghali. Nile nini njiani?* (Msomaji, Umoja)

Ndizi, viazi vitamu vya kuchemsha, uji mwepesi wenye sukari kwenye chupa. Lenga gramu 60 hivi za wanga kwa saa. Ndizi ya wastani ina kama 25. Kwenye safari ya saa nyingi tia chumvi kidogo kwenye chupa, kwani kunywa maji matupu mengi mno huweza kushusha chumvi mwilini hadi kuhatarisha maisha.

*Mume wangu anasema wikendi zote nimezimaliza barabarani.* (Mama wa watoto wawili, Embakasi)

Dada, ana haki ya kusema. Hamishia mbio ndefu katikati ya wiki, alfajiri, na Jumapili iwe ya nyumbani kabisa, bila viatu vya mbio mlangoni. Kisha keti naye mwezi mmoja kabla, mkubaliane wiki zipi zitakuwa nzito na nani atawaangalia watoto.