Kabla ya kununua rangi ya modeli, uliza inayeyushwa na nini

Masika ilikuwa imeshika kweli hapa Dar es Salaam, na mimi nilibakiza koti moja tu, yaani mpako mmoja wa mwisho, kumaliza modeli yangu ya ndege. Wiki tano nzima za kusugua, kupuliza, kubandika tepu na kubandua. Nikatoka kibarazani na kopo la vanishi inayong'aa, nikapita nalo mara mbili. Hazikupita dakika tano, mistari ya rangi ya ubavuni ikaanza kufifia. Ukungu mweupe ulikuwa umetanda juu yake, kama kioo cha gari asubuhi ya mvua.

Ndege yenyewe ni Super VC10 ya East African Airways kwa kipimo cha 1/144, kama sentimita 36 kutoka puani hadi mkiani. Nilichagua kuitengeneza 5H-MOG, iliyosajiliwa Tanzania, kwa sababu ndiyo VC10 ya mwisho kabisa kutoka kiwandani, mwaka 1970. Halafu baba yangu mkubwa alikuwa fundi pale Embakasi, Nairobi, hadi shirika lilipovunjika mwaka 1977. Baadaye Jeshi la Anga la Uingereza liliigeuza 5H-MOG halisi kuwa ndege ya kujazia wenzake mafuta angani, ikapewa namba ZA150 na kuruka hadi 2013. Modeli yenye historia ya namna hiyo inauma ikiharibika dakika ya mwisho.

Ukungu ule una sababu yake. Vanishi niliyotumia ni laka. Kiyeyusho cha laka hupaa haraka sana, na kinapopaa huacha pale kilipokuwa pamepoa. Hewa ikiwa imejaa unyevu, maji hutua juu ya rangi ambayo bado haijafunga, na ndiyo weupe unaouona. Kopo halikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa siku niliyochagua. Nilisubiri hadi kipupwe, nikachagua siku kavu, saa nne asubuhi, nikapuliza kwa mbali koti nyembamba mno ya thina ya laka ile yenye kichelewesha kukauka. Ukungu ukaondoka karibu wote. Kwenye mkia ulibaki kidogo, nikausugua kwa msasa wa 2000 wenye maji na kupuliza upya.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza rangi ipi ni bora kwa modeli za plastiki, namrudishia swali: utaiyeyusha na nini, na utapakia wapi? Rangi yoyote ni vitu vitatu: unga unaotoa rangi, gundi inayoushika unga ule, na kimiminika kinachovibeba vyote viwili mpaka vikauke. Jina la kampuni linakwambia kidogo. Kimiminika ndicho kinachoamua kama rangi itashika, kama itaila plastiki, kama itavuruga koti ya chini, na kama utaweza kuipata huku kwetu.

Nianze na zile za maji, yaani akriliki za maji. Vallejo kutoka Hispania ndiyo niliyoitumia zaidi. Inakuja kwenye kichupa chenye mdomo wa kudondoshea, hulegezwa kwa maji au kwa thina yake yenyewe, na kwa brashi haina mpinzani. Udhaifu wake ni kushika. Kwenye plastiki tupu inakaa kama ngozi tu, ukibandua tepu inatoka nayo. Lazima itanguliwe na prima, koti ya chini inayosaidia rangi kushika, na hata ikikauka ndani ya nusu saa mimi naiacha siku nzima kabla ya kubandika tepu juu yake. Halafu usiichanganye na spiriti. Niliwahi kudondoshea spiriti ya duka la dawa kwenye Vallejo ya kijivu ndani ya kikombe cha eabrashi, kile kifaa kidogo cha kupulizia rangi kwa hewa. Ikageuka mlenda pale pale. Jioni yote ilikwisha nikitoa nyuzi za rangi kwenye tundu la milimita 0.3.

Tamiya ya Japani nayo imeandikwa akriliki, na hapa ndipo wageni wengi wanapotea, kwa sababu si akriliki ya maji kama ile nyingine. Ndani yake kuna alkoholi. Thina yake ni X-20A, lakini inakubali pia isopropili, aina ya alkoholi ya kusafishia, na ukiitia thina ya laka inalainika na kujisambaza vizuri zaidi. Kwa eabrashi ni rangi tulivu sana, hasa kwa anayeanza kupuliza. Kwa brashi inasumbua: koti ya pili inaiamsha ya kwanza na vyote vinavurugika. Kama huna budi kutumia brashi, ongeza tone la kichelewesha, pita mara moja, na usirudi nyuma.

Enameli, kama Humbrol za Uingereza za vikopo vya mililita 14, hulegezwa kwa waiti spiriti, ile ambayo maduka mengi ya vifaa vya ujenzi huiita tapentini. Zinachelewa kukauka, siku nzima au mbili, na kwenye unyevu wetu hata zaidi. Lakini uchelevu huo huo ndio unaofuta alama za brashi, kwa sababu rangi inapata muda wa kujilaza. Koroga mpaka chini. Unga hutulia kwenye kitako cha kopo na juu unabaki na mafuta matupu. Anayepaka bila kukoroga hulalamika kwamba rangi haikauki, na kumbe amepaka mafuta.

Mwisho ni laka zenyewe, kama Mr. Color za Japani. Hizi zinashika kuliko zote kwa sababu zinailainisha plastiki kidogo na kuingia ndani yake. Zinakauka haraka, zinasuguliwa vizuri, na harufu yake ni kali mno. Mtu asidhani kwamba kwa kuwa ni laka, basi thina ya mafundi rangi wa magari itafaa vilevile. Nyingine zina makali ya kuiyeyusha plastiki hadi mistari ya viungo ikafutika. Jaribu kwanza. Mimi nanunua vijiko vyeupe vya plastiki vya sherehe, vile vyepesi vinavyokatika kwa mlio, maana vingi hutengenezwa kwa polistairini, plastiki ile ile ya modeli. Kila mchanganyiko mpya unaanzia mgongoni mwa kijiko, na nyuma ya mpini naandika rangi, thina na tarehe. Nina vijiko zaidi ya hamsini kwenye boksi la viatu, na vimeniokolea pesa nyingi kuliko kifaa chochote.

Na kwa kuwa wengi wetu tunaagiza nje, kumbuka kwamba laka, enameli na hata Tamiya zinashika moto. Posta ya ndege huzikataa kama mzigo wa hatari. Tafadhali usimwombe dada yako anayerudi kutoka Uingereza akufichie makopo ya kupuliza kwenye begi. Rangi zinazowaka haziruhusiwi kwenye mizigo ya abiria, na anayesumbuliwa uwanjani ni yeye. Za maji zisizowaka hazina shida hiyo. Kwa anayeanza Dar, Mombasa au Kampala, hiyo peke yake inatosha kuwa sababu ya kuanza na za maji.

Ukishajua kiyeyusho, mpangilio wa koti unajieleza: kali ikae chini, pole ikae juu. Laka kwanza, akriliki juu yake, enameli au rangi ya mafuta ya wachoraji mwisho kwa kutia kivuli kwenye mistari ya viungo. Ukigeuza ukapuliza laka nzito juu ya enameli changa, rangi ya chini inakunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Vanishi yangu ya laka ilipita salama juu ya akriliki kwa sababu koti zilikuwa nyembamba na akriliki ilishakauka wiki nzima. Ningeimwaga nzito, ningepoteza mistari na stika zote pamoja.

Sasa nyeupe, kwa sababu ndege za abiria ni nyeupe na nyeupe ndiyo rangi ngumu kuliko zote. Haifuniki. Anayeanza akiona bado plastiki inaonekana huongeza, anaongeza tena, na rangi inachuruzika chini ya mbawa huku juu bado kuna mabaka. Dawa yake iko chini ya nyeupe. Nilianza kwa kuosha vipande vyote kwa maji na sabuni ya vyombo, kwa sababu vinatoka kiwandani na mafuta ya kutolea kwenye kalibu. Baada ya kugundisha nilisugua viungo kwa msasa wa 400, kisha 600, kisha 1000, nikapuliza prima ya kijivu, Mr. Surfacer 1000. Kijivu ni jicho la pili. Mikwaruzo na mashimo ambayo hukuyaona kwenye plastiki tupu yanajitokeza yote. Nilikuta ufa mwembamba kama unywele pale mgongoni nusu mbili za kiwiliwili zinapokutana, nikajaza puti na kusugua tena. Mara tatu nilirudia. Kisha prima nyeupe, ndipo rangi nyeupe yenyewe, koti nne nyembamba, kila moja ikisubiri robo saa. Koti ya kwanza inapaswa kuonekana kama vumbi la chokaa tu. Ukiiona hivyo usiogope, na usiongeze.

Kwa eabrashi natumia shinikizo la psi 15 hadi 20, na rangi iliyolegezwa hadi ifanane na maziwa: ukiitikisa ukutani mwa kikombe inateremka na kuacha utando mwepesi. Kwenye joto la mchana wetu akriliki hukaukia kwenye ncha ya sindano, kwa hiyo napuliza asubuhi na kuweka pamba yenye thina karibu ya kufutia. Kompresa isiyo na kichungi cha maji usiinunue kabisa ukiwa pwani. Hewa yetu ina unyevu mwingi, kompresa inaukamua, na tone moja la maji likirushwa katikati ya paa jeupe, unarudi kwenye msasa. Kwa kopo la kupuliza, kaa umbali wa sentimita 20 hadi 25, anza kubonyeza kabla hujafika kwenye modeli na uachie ukishaipita.

Mistari ya ubavuni ilinichukua siku tatu. Tepu ya kawaida ya karatasi ya madukani ina gundi kali na kingo zake zina manyoya. Nunua tepu ya modeli, au angalau ibandike ya dukani kwanza kwenye kioo safi, ukate ukingo mpya kwa wembe na rula ya chuma. Kisha siri ambayo ningependa mtu angeniambia mapema: kabla ya rangi ya mstari, puliza kwanza koti ya rangi ile ile iliyo chini, nyeupe juu ya nyeupe, kwenye ukingo wa tepu. Kama kuna mwanya, nyeupe ndiyo itakayopenya na kuuziba. Rangi ya mstari ikifuata, haina pa kupita. Bandua tepu taratibu, ukiikunja irudi yenyewe juu ya yenyewe, usiivute kwenda juu.

Stika za maji, zile zinazoloweshwa ili zitoke kwenye karatasi yake, zinataka uso unaong'aa. Rangi isiyong'aa ina vinundu vidogo vidogo visivyoonekana kwa macho, stika inakaa juu yake na kufunika hewa, na hewa hiyo inameta kama fedha chini ya herufi. Kwa hiyo vanishi ya kung'aa kwanza, hata kama mwisho wa safari ni kifaru cha vita kisichong'aa hata kidogo. Natumia vimiminika viwili vya stika: Micro Set chini ya stika na Micro Sol juu yake. Hii ya pili huilainisha stika mpaka ikunjamane vibaya. Usiiguse, itajilaza yenyewe. Kisha futa mabaki kwa maji, subiri siku nzima, funga kwa vanishi: ya kung'aa kwa ndege ya abiria, isiyong'aa kwa magari ya jeshi. Vanishi isiyong'aa itikise zaidi ya unavyodhani inatosha, kwa sababu unga unaoiua nuru umelala chini, na usipoamka unapata mabaka meupe.

Kuhusu mapafu sitanii na mtu. Barakoa ya kitambaa au ile ya hospitali haizuii mvuke wa laka. Inatakiwa barakoa ya mpira yenye vichungi vya kaboni vya mvuke, na hewa inayopita, mbali na jiko la mkaa au la gesi. Hata rangi za maji zikipulizwa huwa vumbi laini linaloingia kifuani. Rangi za magari zile za kuchanganya na kikaushio ziache kwa mafundi wenye vifaa. Kwenye kikaushio kuna kemikali iitwayo isosianeti, na hiyo inaweza kumwachia mtu pumu ya maisha. Watoto wasiwe chumbani.

Brashi natumia za sintetiki kwa akriliki, naziosha kwa sabuni ya kipande na kuzilaza, sizisimamishi kwa nywele zake. Kila chupa naitilia gololi mbili ndogo za chuma kisichoshika kutu za kukorogea, na nafuta mdomo wake kabla ya kufunga, maana rangi iliyokaukia kwenye kizibo ndiyo inayopitisha hewa na kuua chupa nzima. Makopo nayaweka chini ya kitanda, mahali pa baridi kuliko pote nyumbani.

Nyeupe, hasa ya enameli, hugeuka manjano taratibu, na jua kali huchakaza rangi yoyote. 5H-MOG iko kwenye kabati la kioo sebuleni kwa baba mkubwa, upande ambao jua la jioni halifiki. Mahali alipachagua mwenyewe.