Kwa mnaoanza kliniki ya ngozi ya watoto: karatasi ya IgE isiwatangulie

Wadogo zangu matabibu na wauguzi, mtaletewa sana majibu ya kipimo cha IgE, kingamwili ya mzio iliyomo kwenye damu. Mama kamlipia mwanawe mwenye pumu ya ngozi (ukurutu) kipimo hicho kwa gharama kubwa, kaambiwa namba iko juu, na kufika kwenu tayari kamkataza mtoto mayai, maziwa, samaki na karanga. Kabla ya kuisoma hiyo namba, mvueni mtoto nguo muione ngozi yote. Tazameni mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, kisha katikati ya vidole, maana upele unaoletwa na utitiri (scabies) huvaa sura ya pumu ya ngozi.

IgE iligunduliwa miaka ya 1966 na 1967, na Kimishige na Teruko Ishizaka huko Denver, Marekani, na kundi jingine Uppsala, Sweden. Watoto wengi wenye pumu ya ngozi wanayo kwa wingi, lakini wapo wasio wachache ambao kiwango chao ni cha kawaida na bado wanajikuna usiku kucha. Huku kwetu kuna jambo jingine: minyoo ya tumbo na kichocho nayo huipandisha. Mtoto wa kandokando ya Ziwa Victoria anaweza kuwa na IgE ya jumla kubwa mno asiwe na mzio wowote.

Hata kipimo cha chakula kimojakimoja kinahitaji tahadhari. Huko Ghana watafiti walikuta watoto wa shule wenye IgE ya karanga nyingi kwenye damu, lakini walipochomwa kipimo cha karanga kwenye ngozi, wengi hawakutoa kivimbe. Kingamwili zao zilikuwa zikishika aina ya sukari iliyomo kwenye vimelea vya kichocho na kwenye mimea pia. Kwa hiyo muulizeni mama: akila yai anapatwa na nini, na baada ya muda gani? Midomo kuvimba, mabaka ya kuwasha mwilini, kutapika au kukohoa ndani ya dakika chache hadi saa mbili, huo ndio mzio wa kuuogopa. Hapo kipimo kina kazi. Kama mtoto anakula yai kila wiki na hapatwi na lolote, msimnyang'anye kwa sababu ya karatasi.

Nalisisitiza hili kwa sababu kukataza chakula kuna madhara. Jaribio lililofanyika London na kuchapishwa 2015 lilionyesha kwamba watoto wachanga wenye ukurutu mkali au mzio wa mayai, walioanzishiwa karanga mapema, walipata mzio wa karanga kwa uchache sana kuliko walioepushwa nazo. Ila mtoto aliyekwisha kuacha chakula kwa muda mrefu, na ana IgE ya chakula hicho, asirudishiwe hivihivi nyumbani. Mpelekeni kwa daktari bingwa arudishiwe akiangaliwa.

Mara nyingi ngozi ndiyo iliyoanza. Tangu 2006 tunajua kuwa baadhi ya watoto huzaliwa na hitilafu ya filagrini, protini inayoimarisha tabaka la juu la ngozi. Ngozi hiyo ikikauka na kupasuka, vumbi na chembe za vyakula hupenya, na mwili hutengeneza IgE dhidi yake. Basi tibuni ngozi. Aogeshwe kwa muda mfupi, maji ya uvuguvugu, apakwe mafuta ya mgando kabla hajakauka. Steroidi ya kupaka, dawa ya kutuliza uvimbe wa ngozi, waonyesheni kwa vitendo: kiasi cha kufunika ncha ya kidole cha mtu mzima, hadi kwenye kiungo cha kwanza, hutosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima, pamoja na vidole. Akina mama wengi wanaiogopa, wanapaka kidogo mno, na wengine wananunua mitaani krimu kali zinazotumiwa kujichubua. Waulizeni kwa upole, waje na kopo lenyewe.

Na kila hudhurio mpimeni uzito, mlinganishe na kadi yake. Mstari wa ukuaji ukilala, ulizeni kwanza ni vyakula gani amekatazwa, na nani alimkataza.