Niandike thamani gani kwenye fomu ya sarafu?

SWALI: Shikamoo mzee wa sarafu. Bibi ameniachia rupia tatu za Mjerumani, mbili za 1890 na moja ya 1892. Nataka kuzituma Marekani zikapimwe ubora na kutiwa kwenye kasha. Fomu inauliza thamani ya kila moja. Nikiandika ndogo, ada si itapungua?
Msomaji, Ngamiani, Tanga

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Itapungua, na ndipo wengi tuliponasa. PCGS na NGC, kampuni za Marekani zinazopima ubora wa sarafu, wamepanga huduma zao kwa madaraja, kila daraja na kikomo chake cha thamani. Wakiona sarafu imevuka kikomo, wanaipandisha daraja na kukudai tofauti. Bima ya kuirudisha nayo hufuata namba uliyoandika mwenyewe. Mimi niliandika dola 30 kwa rupia ambayo nilishakataa kuiuza dola 150. Ikapotea wakati wa kurudi. Nikalipwa dola 30, na mdomo wa kulalamika sina, mwandiko ni wangu.

Andika bei ambayo sarafu kama yako, kwa hali yake, imeuzwa kweli mnadani, siyo bei anayojitakia muuzaji.

Lakini kabla ya fomu, piga hesabu: ada ya kila sarafu, ada ya oda nzima, posta ya kwenda, posta na bima ya kurudi. Yote hayo yatabebwa na sarafu tatu tu. Rupia iliyolika, simba na mnazi wake wamebaki kivuli, haikurudishii hela hiyo. Ingekuwa ile sarafu ya dhahabu ya rupia 15 iliyopigwa Tabora, 1916, yenye tembo, ningekwambia funga safari leo.

Sasa zitoe nje jua la asubuhi, uziinamishe moja moja. Ukiona michirizi myembamba imelala upande mmoja, zimesuguliwa. Bibi zetu hawa, fedha wakiisugua kwa majivu na ndimu, Idi hadi Idi! Kisha pitisha kidole ukingoni, juu ya kofia ya Kaisari, yule mfalme wa Ujerumani aliye kwenye sarafu. Pakiwa na kinundu, palichomelewa pete ya mkufu. Sarafu iliyosuguliwa au kuchomelewa hurudi imeandikwa dosari yake, bila ile namba ya ubora ya 1 hadi 70, na ada wameshachukua.

Usizioshe. Nitumie picha ya hiyo ya 1892, pande zote mbili na ukingo.