CRP ni ya kawaida, mbona vidole vimevimba?

Swali: Nina baridi yabisi ya soriasisi (ugonjwa wa viungo unaoambatana na soriasisi, ugonjwa wa ngozi). Kipimo cha CRP (cha damu, kinachoonyesha uvimbe mwilini) ni kizuri, lakini vidole vimevimba. Tuamini kipi?

Jibu: Vidole. CRP huweza kuwa ya kawaida huku viungo vikiendelea kuharibika. Mwombe daktari apige hesabu ya DAPSA, inayopima ukali wa ugonjwa huu kwa kujumlisha: viungo vinavyouma vikibonyezwa (kati ya 68), vilivyovimba (kati ya 66), maumivu na hali yako kwa jumla (hivi viwili unavipa alama wewe, kila kimoja 0 hadi 10), kisha CRP. Jumla isiyozidi 4 ni utulivu. Inayozidi 28, ugonjwa ni mkali. Angalieni sana hapa: CRP ikiandikwa kwa miligramu kwa lita, igawanywe kwanza kwa 10. Hesabu hii haigusi ngozi, kucha wala kano za kisigino, kwa hiyo vua viatu umwonyeshe.